Na Wewe Ukapime

Wifi hakutakiwa kupimwa na Sista. Kanuni ya mradi ilikuwa wazi, na Sista mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wauguzi wapya: akija ndugu yako, jirani yako, au mtu mliyewahi kula naye sahani moja, mpeleke chumba cha pili kwa mwenzako. Lakini siku hiyo mwenzake wa chumba cha pili alikuwa safarini, kwenye mafunzo. Mtaa wao ulikuwa umebaki nyuma ya mitaa mingine kwa idadi ya watu waliojitokeza. Na wifi mwenyewe alisema hataki kuulizwa mambo ya chumbani na mtu asiyemjua.

"Afadhali wewe," alisema, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kukunja mkono wa blauzi. "Wewe ni wa nyumbani."

Sista hakuwa mtawa. Jina hilo huwaganda wauguzi wa kike kama harufu ya spiriti, naye alikuwa amelizoea kiasi kwamba mtu akimwita kwa jina la kuzaliwa aligeuka kwa kuchelewa. Alikuwa mzungumzaji. Wanaume waliokuja kituoni wakijidai wamesindikiza wake zao tu, yeye aliwatania mpaka wakajikuta wamekaa na kidole wamekitoa. Mradi ulitafuta kujua ni watu wangapi mjini wanaishi na kaswende bila kujua, pamoja na wenzake kisonono na klamidia, kwa sababu wodi ya wazazi ilikuwa imeanza kupokea watoto waliozaliwa wamekufa, na wengine wamezaliwa hai lakini ngozi za viganja zinabambuka. Kila asubuhi Sista alisimama mbele ya mabenchi akawaambia watu kwamba ugonjwa huu hukaa kimya mwilini miaka na miaka, kisha humfuata mtoto tumboni asiyejua kosa lake. Maneno hayo aliyasema vizuri. Siku hiyo pia aliyasema vizuri, na wifi alikuwa amekaa benchi la mbele akimsikiliza, macho chini.

Alimtoboa kidole, akadondosha tone la damu kwenye kile kibao kidogo cha kipimo cha haraka, kisha akamvuta damu nyingine mkononi kwa ajili ya maabara. Wakiwa wanasubiri walizungumzia habari za nyumbani: mtoto, waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama yake shavuni, alikuwa amekataa kulala mchana, na mama mkwe alikuwa amemfundisha kuhesabu maharage. Halafu Sista akatazama kibao, akaona mistari miwili.

Alisema yale aliyozoea kuwaambia wote. Kwamba mistari miwili inaonyesha mwili umewahi kukutana na vijidudu vya kaswende, kwamba kipimo hiki hakisemi ni lini, kwamba kuna kipimo cha pili maabara kitakachosema kama ugonjwa bado upo. Angekuwa mjamzito angechomwa sindano siku hiyo hiyo. Kwa kuwa hakuwa, wangesubiri majibu, na hadi hapo angejihadhari na mumewe.

Wifi hakushtuka. Hilo ndilo Sista alilolikumbuka baadaye kuliko yote. Alivuta mkono wa blauzi taratibu mpaka kwenye kifundo, akasema, "Hiyo ni ya zamani. Nilichomwa sindano, ikaisha."

Sista aliitikia kwa kichwa, lakini hakumsadiki. Alikuwa ameshawasikia wengi wakisema hivyo. Kuna aliyewahi kuapa kwamba alitibiwa, na alipoulizwa dawa gani, akasema vidonge vya kichwa. Na wifi alipoomba jambo hilo liishie humo chumbani, Sista alimjibu kwamba kutunza siri ndiyo kazi yake.

Mdogo wake Sista, mume wa wifi, alikuwa fundi wa majokofu. Watu walimwita Baridi, kwa kazi yake na kwa tabia yake pia, maana hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Nyumba yake ilijaa majokofu ya watu. Mengine yalisimama barazani milango wazi kama wagonjwa wanaosubiri kuangaliwa koo. Mama yao alihamia hapo baada ya miguu kuanza kumsumbua. Alikuwa amekataa kwenda kwa Sista, akisema binti asiye na mume hana nyumba, ana chumba. Alisema kwa utani, lakini utani wa mama una meno. Na tangu ahamie hakuisha kumsifia mkwewe: anavyopiga pasi, anavyomkanda miguu, anavyorudi kutoka kwenye duka lake la fotokopi na picha za pasipoti amechoka na bado anacheka. Sista alizisikia sifa hizo kila alipokwenda kumwona mama. Hakuwa na ugomvi na wifi. Walikuwa marafiki, wakisukana nywele na kuwasema watu. Ila kuna sifa zikizidi kumwagwa mbele yako, unaanza kuona unapimiwa upungufu wako.

Jumamosi alikwenda kumwona mama. Wifi alikuwa dukani, mama amelala, Kidoti anachora sakafuni. Baridi alikuwa barazani amepiga magoti nyuma ya jokofu kubwa la bucha, amelifungua matumbo. Walipiga soga za kawaida. Kisha Baridi akasema, bila kuinua uso, kwamba mkewe hana raha tangu alipotoka kupimwa. Halali vizuri, na usiku amehamia kitanda cha mtoto akisema mtoto anaota. Akauliza kama kuna jambo.

Sista alikuwa na mume zamani. Mume huyo alikuwa na mwanamke mwingine mtaa wa tatu, na mtaa mzima ulijua, kuanzia muuza mkaa mpaka shemeji zake, na hakuna hata mmoja aliyemnong'oneza. Alikuja kujua siku alipokwenda hospitali akidhani ana ugonjwa wa kibofu, akaambiwa ni wa zinaa. Tangu hapo alikuwa akisema kwamba wanaonyamaza ndio wabaya zaidi. Alisimama pale barazani, akamtazama mdogo wake aliyembeba mgongoni utotoni, akaona anayenyamaza safari hii ni yeye.

"Sina la kukuambia," alisema. "Ila kile kipimo ni cha wanaume pia. Na wewe ukapime."

"Kwa nini?"

"Ukapime tu."

Baridi aliweka spana chini. Hakuuliza tena. Sista aliaga akaondoka, na njiani akajiambia kwamba hajavunja siri ya mtu, maana hakutaja ugonjwa wala mtu wala majibu. Kumwambia mwanamume akapime ni jambo analolifanya kila siku kwa wapita njia. Alijiambia hivyo mara nyingi, na mtu anayejiambia jambo mara nyingi huwa anajua kwa nini.

Baridi hakwenda kituoni. Alikwenda zahanati ya kulipia, mbali, wasikomjua, akaomba apimwe kila kitu. Akaambiwa yu mzima. Alirudi nyumbani na majibu hayo, na hapo uzima wake ukawa ndiyo kesi ya mkewe: kama yeye hana, na mke anahama kitanda, basi mke ameupata ugonjwa kwingine. Alimuuliza. Mkewe akasema ni jambo la zamani, kabla yake, na lilitibiwa. Akamuuliza zamani lini, na nani. Mkewe akanyamaza. Baridi hakupiga kelele wala hakuinua mkono. Alikaa kimya, na ukimya wake ulikuwa wa kuumiza kuliko ngumi, kwa sababu alianza kula peke yake na kulala sebuleni kati ya majokofu ya watu. Ila ukuta wa chumba cha mama ulikuwa mwembamba. Mama alitoka akasema yaliyobaki. Alisema mwanamke hanyamazi bure, na kwamba alikuwa akijiuliza hizo picha za pasipoti zinapigwaje mpaka jioni.

Kesho yake wifi alimfunga Kidoti viatu, akachukua mkoba mmoja, akaenda kwa dada yake upande wa pili wa mji.

Habari hizo Sista alizipata kwa simu kutoka kwa mama. Alikuwa kwenye korido ya kituo, amebeba boksi la glavu. Mama alieleza kwa kirefu, kisha akamshukuru, kwa kuwa Baridi alikuwa amemwambia nani alimtuma akapime. Alisema damu nzito kuliko maji, na kwamba bila yeye mwanawe angeendelea kulala na nyoka ndani ya shuka. Sista akakata simu. Alirudi chumbani, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki wanachokalia wagonjwa, na mtu aliyefuata alipoingia alidhani muuguzi ndiye anasubiri kuhudumiwa.

Mtaalamu wa maabara wa mradi walimwita Subiri, kwa kuwa hilo ndilo neno lake. Ukimuuliza majibu, subiri. Ukimuuliza saa, subiri nitoe glavu. Wiki iliyofuata alikuja na majibu ya kipimo cha pili. Sampuli hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu, lakini namba ya wifi Sista aliibandika kwa mkono wake na haikuwa imemtoka kichwani. Subiri aliyapitia taratibu: huyu aitwe achomwe sindano, huyu naye, huyu aje na mwenzi wake. Alipofika kwenye namba ile akasema hapa hakuna kitu.

Sista akamwomba aangalie tena.

"Nimeangalia mara mbili," Subiri alisema. "Ugonjwa haupo. Aliwahi kuupata, akatibiwa akapona. Kile cha haraka kitamwonyesha mistari miwili mpaka anazeeka. Si wewe uliyenifundishia wale wapya?"

Ni yeye. Alikuwa na maelezo yake mazuri kabisa ya jambo hilo. Aliwaambia wanafunzi kwamba damu ina kumbukumbu, kwamba jeraha likipona linaacha kovu, na kwamba muuguzi asiyejua kutofautisha kovu na jeraha atavunja ndoa za watu. Wanafunzi waliandika. Na siku wifi alipokaa mbele yake akamwambia kwa mdomo wake kwamba ilikuwa ya zamani na alitibiwa, yeye alimjumlisha na watu wa vidonge vya kichwa.

Kitu cha kwanza alichotaka kufanya ni kumpigia Baridi simu. Alikuwa ameshalitafuta jina lake, kidole kiko juu ya kitufe, ndipo alipoona kwamba anakwenda kufanya kosa lile lile kwa mara ya pili. Majibu hayo hayakuwa yake, wala ya Baridi. Kama aliyatoa mabaya bila ruhusa, hakupata haki ya kuyatoa mazuri. Akafunga simu, akavua koti jeupe, akaenda dukani kwa wifi.

Duka lilikuwa chumba kimoja: mashine ya fotokopi inayolalamika, rafu ya bahasha, na nyuma shuka jeupe limetundikwa ukutani mbele ya kigoda cha kupigia picha. Wifi alikuwa akimpiga picha mzee mmoja, anamwambia ainue kidevu kidogo, asicheke. Alimwona Sista akaendelea na kazi. Mzee akalipa, akangoja picha zikatwe, akaondoka. Hapakuwa na pa kukaa isipokuwa kile kigoda, na Sista akakaa hapo, mgongo kwenye shuka jeupe.

"Majibu yametoka," alisema. "Huna ugonjwa. Ulipona zamani."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

Wifi alikuwa akipanga vipande vya karatasi vilivyobaki kwenye mkasi. "Nani alimwambia mume wangu?"

Njia nzima Sista alikuwa ameandaa jibu la swali hilo. Lilikuwa na sababu na hali na nia njema. Lilipofika mdomoni aliliona kama nguo ya kuazima.

"Mimi," alisema. "Nilimwambia akapime."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Basi ulimwambia yote."

Mteja akaingia kutaka kutoa nakala za cheti. Wifi akamhudumia, akamrudishia chenji, akamsubiri atoke. Sista alitumia nafasi hiyo kusema kwamba akipewa ruhusa atakwenda sasa hivi kwa Baridi na kwa mama, awaeleze kwamba wifi yu safi, hana ugonjwa, ni kovu tu. Atamsafisha mbele yao.

Wifi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alisema, "Ukiwaambia ni kovu, watauliza jeraha. Utawajibu nini?"

Sista mwenyewe hakuwahi kuuliza. Akafahamu pale, kwenye kigoda cha pasipoti, kwamba ule ukimya wa wifi mbele ya mumewe haukuwa wa hatia. Kulikuwa na kitu nyuma yake alichokuwa akikilinda, na sasa, kwa ajili ya neno moja la barazani, itabidi akitoe au apoteze nyumba. Alianza kuomba radhi. Wifi akamwambia aende kwanza. Akiwa tayari atamwita, naye Sista atakaa mbele ya wote aseme alichofanya, na mengine wifi atayasema mwenyewe.

Kutoka hapo Sista alikwenda kwa Daktari, mwanamke aliyeuongoza utafiti ule tangu mwanzo. Alimweleza yote akiwa amesimama. Daktari hakumkaripia. Aliuliza kama mshiriki anajua kwamba siri yake imetoka na imetoka kwa nani, kisha akauliza kama yuko salama, ana pa kulala. Baada ya hapo akamwambia kwamba hatamwona tena mshiriki yeyote wa mradi, na kwamba jambo hilo litafika kwenye kamati ya maadili kabla ya wiki kuisha. Sista alihamishiwa maabara kwa Subiri, kubandika namba kwenye vichupa na kuosha rafu. Subiri, aliyekuwa na neno la subiri kwa kila jambo, kwa jambo hili hakusema chochote; alimsogezea tu kiti. Yale mahubiri ya asubuhi mbele ya mabenchi akapewa muuguzi mwingine. Kila asubuhi Sista aliyasikia kupitia dirishani, maneno yake mwenyewe katika mdomo wa mtu mwingine, na kila yalipofika kwa mtoto aliye tumboni alifungua bomba la maji.

Wifi alimwita baada ya siku nyingi. Walikutana nyumbani kwa Baridi, sebuleni, alasiri. Mama alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli. Baridi alikaa kwenye kiti cha mlangoni kama mgeni. Wifi alikuja na dada yake mkubwa, mwanamke mnene mwenye pumzi fupi, aliyesalimia kwa heshima zote na kisha akanyamaza kwa namna ya kuonyesha kwamba anaweza asinyamaze. Kidoti alibaki kwa majirani.

Sista alianza. Alisema wifi alimwamini akaja kupimwa kwake. Alisema hakutakiwa kumpima, akampima. Alisema wifi alimweleza kwamba ni jambo la zamani lililotibiwa, na hakumsadiki. Alisema alikuja pale barazani akamwambia Baridi akapime, akijua kabisa Baridi ataelewa nini, na kwamba kipimo cha pili kimethibitisha kila neno la wifi. Alisema yote hayo bila kuinua macho.

"Kwa nini?" wifi aliuliza.

Sista alieleza habari za mume wake wa zamani na mtaa ulionyamaza. Ilikuwa kweli, na mama alianza kutikisa kichwa kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyomshinda Sista. Aliona akiinyamazia ataondoka nayo.

"Si hilo tu," alisema. "Nilipoiona ile mistari miwili, kuna kitu ndani yangu kilifurahi. Kidogo. Nilisema moyoni, kumbe na yeye."

Dada yake wifi aliguna chini kwa chini. Mama aliacha kutikisa kichwa, akateremsha miguu kutoka kwenye stuli, moja baada ya nyingine. Kisha, kwa kuwa mama ni mama, na alikuwa hajalipata alilolitaka, akauliza: sawa, ugonjwa haupo, lakini huo uliopona alipewa na nani.

Wifi alikuwa amelisubiri swali hilo. Alilijibu akimtazama mumewe, si mama. Alisema kabla ya kukutana naye alikuwa na mchumba, mtu wa safari, aliyekuwa amekwisha kujitambulisha kwao. Alipata mimba, akailea miezi minane. Mtoto akazaliwa amekufa. Hospitali ilitafuta sababu, ikaipata kwenye damu yake. Alichomwa sindano peke yake, maana mchumba alipopigiwa simu aje naye atibiwe, namba haikupatikana tena. Muuguzi mmoja alimweleza kwamba alama haitatoka kwenye damu. Alipokuwa na mimba ya Kidoti, kliniki waliiona ile alama, wakampima kipimo cha pili, wakamwambia mtoto yuko salama, na siku hiyo alilia njiani kwa furaha, mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na wa kumweleza. Hakumwambia Baridi kwa sababu ugonjwa asingeweza kuutaja bila kumtaja mtoto, na mtoto alishamzika mara moja.

Baridi alikuwa ameinama, viwiko magotini, mikono yake yenye mafuta ya mashine imening'inia. Halafu akauliza kwa sauti yake ile ya chini.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume."

"Ulimpa jina?"

"Nilimpa," wifi alisema. "Hilo naomba lisitoke kwangu."

Baridi akasema sawa. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, na hawakumfuata. Sista alibaki amekaa. Alikuwa ameziona familia nyingi chumbani kwake zikipokea habari mbaya, akawapa leso na maji, akawaambia maneno yanayofaa. Sasa hakuwa na koti, wala leso, wala neno. Kile alichokisikia alikuwa amekipora. Wifi hakukusudia kumpa mtu, na wote mle ndani walikuwa nacho kwa sababu yake.

Watu wangetarajia wifi arudi nyumbani siku hiyo. Hakurudi. Aliondoka na dada yake kama alivyokuja. Baridi alianza kwenda huko kila Jumapili, akakaa kwenye kibaraza cha shemeji yake kama mchumba anayeleta posa, akatengeneza kila kilichoharibika katika nyumba ile, pamoja na vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Asubuhi moja mama akaomba aitiwe bodaboda, pamoja na miguu yake ile, akaenda na ndala za Kidoti zilizosahaulika chini ya kitanda. Alichosema huko hakuna aliyesimulia. Dada yake wifi alisema tu kwamba bibi alikaa sana na alikunywa chai vikombe viwili.

Daktari naye alikwenda, kuomba radhi kwa niaba ya mradi. Alimweleza wifi kwamba ana haki ya kujitoa, na akitaka damu yake itamwagwa na habari zake zitafutwa. Wifi alifikiri, akasema iachwe. Alisema kama lengo ni kujua kwa nini watoto wanakufa, basi na ya kwake ihesabiwe. Sista aliyasikia haya kutoka kwa Daktari, mbele ya rafu ya vichupa, na alilazimika kuomba dakika atoke nje.

Kamati ya maadili ilimwandikia onyo na kumzuia kufanya kazi na washiriki mpaka mradi utakapokwisha. Wenzake walimwambia ameponea chupuchupu. Yeye hakuona hivyo. Adhabu kubwa angalau ingekuwa na ukubwa unaofanana na kosa lake.

Wifi alirudi kwa mumewe mwishoni mwa mvua. Sista alikawia kwenda, na alipokwenda alipokelewa vizuri. Alikaribishwa, akapewa kiti, akaulizwa habari za kazi. Wifi hakumnunia hata siku moja. Alimcheka alipochekesha. Lakini hakumpa tena kichwa chake amsuke, na kila walipobaki wawili chumbani alikumbuka jambo jikoni. Mama, aliyekuwa mwepesi wa kusuluhisha watu wakati asipohusika, alimshauri Sista awe na subira, maji yatafuata mkondo. Sista aliitikia. Hakutaka kudai. Kuna wakati alitamani wifi amtukane tu yaishe, kisha akaona hata tamaa hiyo ilikuwa ya kujitafutia nafuu yeye.

Mwaka uliofuata wifi akawa mjamzito. Sista hakuambiwa, aliona mwenyewe, kama anavyoona muuguzi, akafanya kama hajaona mpaka mama alipomtajia. Siku ya kwanza ya kliniki Baridi alifunga kazi, akavaa shati la kwenda ugenini, na akampigia Sista simu kumwomba aje kukaa na Kidoti. Alikuja mapema. Aliwakuta mlangoni, wifi ameshika kadi na mwavuli, Baridi ameshika mkoba wa mkewe bila aibu yoyote. Wifi alimwambia maziwa ya mtoto yako kwenye chupa ya kijani, na kwamba asimwache achezee mitungi ya gesi ya majokofu ya baba yake. Wakaondoka pamoja.

Walirudi mchana jua limepanda. Baridi alilalamikia foleni, akasema kuna mwanamume mwenzake alizimia alipoona sindano, na wifi akacheka mpaka akashika kiuno. Mama akauliza kama wameambiwa kila kitu kiko sawa, na Baridi akasema wameongea na daktari vizuri. Wifi aliingia chumbani kupumzika, akarudisha mlango. Hakuna aliyemweleza Sista zaidi ya hapo, naye hakuuliza. Alimaliza kumvalisha Kidoti nguo kavu, akaaga, akatoka nje kutafuta usafiri wa kurudi kazini.